Fundi wa Motokaa na Amri ya Saba

Kati ya barua zilizotufikia hivi karibuni imo moja ya baba wa jamaa akaaye Mangobo. Atuuliza swali lionekanalo dogo: motokaa yake imeharibika, mafundi watatu wamekwisha kuitazama, na kila mmoja ametaja ugonjwa wake na bei yake. Amsadiki yupi? Msomaji mwingine, ambaye yeye mwenyewe ni fundi, alituandikia kabla yake akinung'unika ya kuwa watu humwita mwizi hata kabla hajainua kifuniko cha mtambo. Tumeona vema kuwajibu wote wawili pamoja, kwani kwa maoni yetu mashauri yao ni shauri moja.

Ye yote apitaye mjini Kisangani, kutoka Makiso hadi Tshopo au Kabondo, huwaona mafundi hao chini ya miembe na kando ya njia. Hawana nyumba ya kazi yenye mlango; wana sanduku la spana, jeki, kipande cha turubai, na wanagenzi wawili watatu waliolowa mafuta. Jirani yao yupo mziba mipira, ambaye sisi Wakongo humwita kwado, na mbele kidogo yupo kadhafi na chupa zake za petroli juu ya meza. Motokaa nyingi za mji wetu, na karibu pikipiki zote, maisha yao yamo mikononi mwa watu hao. Wengine wamepitia shule ya ufundi, au INPP, chuo cha Serikali kilichoanzishwa mwaka 1964. Wengine walijifunza kwa macho na mikono tu, wakishika taa huku mkubwa wao amelala chini ya lori. Tusiwadharau hawa wa pili. Vita ilipozikata njia za mto na za nchi kavu mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wa Kisangani waliposafiri kwa baiskeli za toleka (neno la Kilingala, maana yake "tupite"), fundi wa kando ya njia alikuwa mmoja wa waliouwezesha mji kwenda. Kilichokosekana alikitafutia mfano wake, na kisichokuwa na mfano alikichonga.

Lakini mkono stadi na moyo mnyofu si kitu kimoja, na hapa ndipo taabu inapoanza. Mwanamke auzaye nyanya sokoni hawezi kukudanganya sana: nyanya i wazi, waiona, waibonyeza, waiacha. Fundi wa motokaa ana uwezo ambao mwuza nyanya hana. Kitu akiuzacho kimefichika ndani ya chuma. Akisema kwamba pampu ya maji imekufa, wewe hujui hata pampu ya maji iko upande gani. Akisema ametia mpya, wewe waona chuma kilichopakwa mafuta. Mmoja anajua, mwingine hajui, na yule anayejua ndiye atajaye bei. Hali hiyo twaijua kwa daktari pia, lakini daktari ameapa, na wako wakubwa wa kazi yake wawezao kumhukumu. Fundi wa chini ya mwembe hana kiapo ila kile cha ubatizo wake.

Mambo haya wataalamu wameyachungua. Mwaka 1970 Mmarekani mmoja aitwaye George Akerlof, mtaalamu wa uchumi, aliandika makala juu ya biashara ya motokaa zilizokwisha tumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa elimu ya namna hiyo. Hoja yake ni nyepesi kuifahamu. Mnunuzi asiyeweza kupambanua motokaa nzima na mbovu hutoa bei ya katikati kwa zote. Mwenye motokaa nzima aona anapunjwa, aiondoa sokoni. Zabaki mbovu. Nasi twaona hoja hiyo yawahusu mafundi wetu vile vile. Mtu akimhesabu kila fundi kuwa mwizi na kumpa malipo ya mwizi, yule anunuaye chujio jipya hawezi kamwe kushindana kwa bei na yule aoshaye la zamani kwa petroli na kulirudisha. Basi yule mwema ama aiache kazi, ama ajifunze kuosha. Hii ndiyo habari aliyotuandikia msomaji wetu fundi, ingawa kwa maneno makali kuliko haya.

Sasa twamjibu baba wa Mangobo. Usimtafute fundi mwaminifu kwa kuutazama uso wake, wala kwa kuuliza kama anasali; wapo waimbao katika kwaya Jumapili na kuuza chujio lililooshwa Jumatatu. Tazama kama yu radhi kuonwa akifanya kazi. Waulize wale watatu swali moja tu: "Utanionyeshaje ugonjwa huo?" Mmoja atakuambia umsadiki kwa sababu ameifanya kazi hii miaka mingi. Mwingine atakasirika, kana kwamba umemtukana. Wa tatu atakuita ukaribie, ataufungua mfuniko wa mafuta ya mtambo, atachovya kijiti na kukuonyesha. Huenda hata huyu amekosea, lakini kosa lake utaliona pamoja naye.

Tena si vigumu kwa baba wa jamaa kujifunza mambo machache ambayo yatampunguzia ujinga. Moshi una lugha yake. Moshi mweusi maana yake mtambo unakula petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na mara nyingi ni chujio la hewa lililozibwa na vumbi jekundu la barabara zetu: dawa yake yaweza kuwa ya bei ndogo sana. Moshi wa rangi ya buluu maana yake mafuta ya mtambo yanaungua ndani, na huo ni ugonjwa wa uzee, wenye gharama. Moshi mweupe mzito, usiokoma hata mtambo ukiisha kupata moto, pamoja na maji yanayopungua bila kuvuja chini, ni dalili kwamba maji yanaingia mahali pasipo pake. Na mafuta yakionekana kama maziwa, shaka imekwisha. Mtu ajuaye haya hatafunguliwa mtambo mzima kwa ajili ya chujio lililoziba. Na kwa hisani yenu, mtambo uliochemka usimwagiwe maji baridi upesi upesi, wala usifunguliwe kifuniko cha maji ungali moto. Tumeona mikono iliyobabuka, na vyuma vilivyopasuka, kwa haraka hiyo.

Liko jambo moja ambalo sisi twalipa cheo cha kwanza, nalo ni kipande cha zamani. Kila kitu kilichotolewa katika motokaa au pikipiki yako ni mali yako, hata kama kimevunjika. Fundi mnyofu hukurudishia bila kuombwa. Wengi hawakitaki, nao husema: "Nikifanyie nini?" Hata hivyo akupe. Fikirini mama mjane mwenye pikipiki ya kukodisha, ambaye kijana wake wa kazi ameipeleka kwa fundi kwa sababu ya kelele ya mnyororo. Jioni amekuja mwenyewe.

"Mama, pikipiki yako i tayari. Kilichokuwa kikipiga kelele ni hiki hapa. Tazama meno yake yalivyolika. Na hii ni karatasi ya dukani."

"Nikifanyie nini, mwanangu? Mimi sikijui."

"Si kitu, Mama. Kichukue tu. Ukitaka, kamwonyeshe fundi mwingine."

Maneno yale ya mwisho, "kamwonyeshe fundi mwingine", mwizi hawezi kuyasema. Ndiyo sababu twawashauri wasomaji wetu wawe na desturi ya kukidai kipande cha zamani, kwa adabu, tangu siku ya kwanza, hata kama wana imani kamili na fundi wao. Kukidai si kumtukana mtu. Padre naye huhesabu sadaka ya Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, wala hakuna asemaye kwamba wanamshuku.

Hila zenyewe mwazijua, wala hatutazieleza zote, tusije tukawa walimu wa uovu. Buji iliyosuguliwa kwa msasa na kuuzwa kuwa mpya. Mafuta yaliyomwagwa nusu na kuongezwa nusu. Petroli iliyopungua usiku. Betri nzuri iliyolala katika motokaa yako na kuamka katika ya mwingine. "Kuijaribu" motokaa kwa siku nzima, kumbe inachukua abiria. Twawajua watu waikwaruzao betri yao kwa msumari na kuitia alama kabla ya kuiacha kwa fundi. Hatuwalaumu, lakini urafiki wa namna hiyo ni kama ndoa ambayo mume ahesabu vijiko kila jioni.

Dalili nyingine njema ni fundi asemaye "sijui". Motokaa zitufikiazo siku hizi kutoka Japani na Dubai zina kompyuta ndani yao. Taa ndogo yawaka mbele ya dereva, wala hakuna sikio lo lote, hata la fundi mkongwe, liwezalo kusikia maana yake bila chombo cha kuisoma. Fundi mwenye kiburi atabadilisha kitu hiki, kisha kile, kisha cha tatu, na kila mara kwa fedha zako, akitafuta kwa kubahatisha. Fundi mnyofu atasema: "Papa, hili si la kwangu, mpelekee fulani, yeye ana chombo." Siku hiyo amepoteza kazi moja. Nawe ukiwa na akili, utarudi kwake kwa kazi nyingine zote.

Hatuwezi kupita bila kulitaja neno "kesho". Kwa kweli vipuri vyatoka mbali. Vingine vyapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya zaidi ya kilometa 1,700. Vingine vyaja kwa lori kutoka Bunia au Butembo, katikati ya msitu, na mvua ya nchi yetu ya ikweta haingojei majira. Fundi si mwenye makosa ikiwa lori limezama katika matope karibu na Bafwasende. Lakini ni mwenye makosa akijua kwamba kipande hakijafika, na bado akakuambia "kesho" kwa siku sita mfululizo, kwa kuwa aona haya kusema kweli au aogopa utaichukua pikipiki yako na kwenda kwingine. Yule mjane tuliyemtaja hula kwa pikipiki ile. Kwayo hulipa karo ya watoto. Akiambiwa tangu Jumatatu kwamba ni siku nane, ataomba mkopo kwa dada yake, atauza mkungu wa ndizi, atapanga mambo yake. Akiambiwa "kesho" mara sita, hapangi lo lote, na siku ya saba watoto wamerudishwa nyumbani. Uongo huo haukuchukua faranga hata moja mfukoni mwake, lakini umemnyang'anya.

Mafundi wakatoliki wanaye msimamizi mbinguni, ingawa twashuku kwamba wachache wamjua. Ni Mtakatifu Eligius, ambaye Wafaransa humwita Éloi. Sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba, siku ambayo sisi wa Kongo twamkumbuka Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Basi si ajabu kwamba mzee huyo amesahauliwa kwetu. Alizaliwa karibu na mji wa Limoges katika karne ya 6, akawa mfua dhahabu. Yasimuliwa kwamba mfalme Clotaire II alitaka kiti cha enzi cha dhahabu na vito, akampa Eligius dhahabu ya kutosha kwa kiti hicho kimoja. Mfua dhahabu akafanya kazi, akaleta kiti. Mfalme akakisifu. Ndipo Eligius akaleta kiti cha pili, kilichotoka katika dhahabu ile ile, kwa kuwa hakuona sababu ya kuiweka iliyobaki. Mfalme alikuwa hajui kabisa. Hata kama fundi angeiweka nusu nzima, hakuna ambaye angeuliza. Tangu hapo alitiwa mambo makubwa mikononi, na mwaka 641 akafanywa askofu wa Noyon. Kwetu sisi la ajabu katika habari hii si uaskofu. Ni kile kiti cha pili. Dhahabu iliyobaki ya Eligius ndiyo robo lita ya mafuta iliyobaki katika kopo lako, ewe fundi, na ile boliti ambayo haikuhitajiwa.

Tumesema na fundi. Haki yadai tuseme na mwenye motokaa, tena kwa sauti ile ile. Kuna mabwana katika mji wetu wavaao suti, wenye motokaa ya kupendeza, ambao hawajamlipa fundi wao tangu Pasaka. Huja na motokaa, huiondoa, husema: "Nitakutumia mtu." Mtu haji. Au wamwambia baada ya kazi kwisha kwamba bei ni kubwa mno, na kumpa nusu, kwa sababu yeye ni kijana na wao ni wakubwa. Katika Kitabu cha Walawi Mungu aliwakataza Waisraeli kuukawisha ujira wa kibarua hata usiku mmoja. Na Katekismu yetu yauhesabu udhalimu juu ya mshahara wa mfanya kazi miongoni mwa dhambi zimliliazo Mungu mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Tuwaulize mabwana hao: mwenzenu atalisha wanawe nini jioni hii? Ikiwa haibi, atakula nini? Hatusemi hivyo ili kumpa ruhusa ya kuiba. Twasema kwa sababu mwizi yule aliyeko chini ya mwembe, wengi wetu tumesaidia kumlea.

Na hapa fundi atatuuliza, nasi tumekwisha kuulizwa: "Bwana fulani ana deni langu la miezi mitatu. Motokaa yake iko kwangu leo. Nikichukua kipande kimoja kizuri nikatia cha zamani, si nimejilipa tu?" Swali hili si jipya, na wanateolojia walilijadili sana. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani fundisho la wale waliosema kwamba watumishi wa nyumbani waweza kuwaibia mabwana zao kwa siri ili kujifidia, wakiona wao wenyewe kwamba kazi yao yapita mshahara waupatao. Sababu yafahamika. Mtu ajilipaye kwa siri amekuwa mdai, na shahidi, na hakimu, katika shauri lake mwenyewe. Na hakimu wa namna hiyo hutoa hukumu ya ukarimu mno. Tena katika habari ya motokaa kuna ubaya zaidi, kwa kuwa kile kipande cha zamani kitavunjika njiani, labda na mtoto amekaa kiti cha nyuma. Fundi anayo njia ya wazi: aseme tangu mwanzo ya kwamba kazi mpya haianzi kabla ya deni la zamani kulipwa, au motokaa haitoki kabla ya malipo, na aseme hivyo mbele ya mashahidi. Ataitwa mtu mgumu. Avumilie jina hilo.

Na aliyekwisha kuiba je? Tusijidanganye kwamba kuungama peke yake kwatosha. Padre aweza kumwondolea dhambi aliyetubu, lakini hawezi kumwondolea deni. Aliyemwuzia mtu chujio lililooshwa kwa bei ya jipya amechukua tofauti ya bei hizo mbili, na tofauti hiyo ni lazima irudi kwa mwenyewe, hata kwa siri, hata kidogo kidogo. Kama aona haya kutaja, na amfanyie kazi nyingine bila kumtoza, kwa kadiri ile ile.

Hata sasa tumesema juu ya amri ya saba. Liko jambo ambalo si la amri ya saba tena, bali la amri ya tano, nalo ni breki. Mtu anaweza kuishi na moshi mweusi. Anaweza kuishi na mlango usiofungika na taa moja. Breki haina nafasi ya namna hiyo. Na katika habari hii twakiri kwamba mara nyingi mkosaji wa kwanza si fundi, ni mwenye chombo. Fundi amwambia: "Papa, breki za nyuma zimekwisha, na mafuta yake yanavuja." Naye ajibu: "Funga tu hivyo hivyo. Nina abiria. Nitarudi juma lijalo." Na abiria wenyewe wamekaa juu ya magunia, hawajui kitu, wanasafiri kwenda Lubutu, au ni motokaa itakayoteremka kwenye kivuko cha kwenda Lubunga, na mbele yake ni akina mama wenye beseni kichwani, na mbele yao ni mto.

Fundi afanye nini? Jibu letu si jepesi, kwa kuwa twajua kwamba akikataa, yule bwana atakwenda kwa mwingine umbali wa hatua hamsini, naye atafungiwa kwa furaha. Hata hivyo akatae. Asiifunge. Amrudishie fedha zake za kazi hiyo, amwambie waziwazi mbele ya dereva na ikiwezekana mbele ya abiria: "Mimi sikutengeneza breki za motokaa hii." Atapoteza mteja, na labda wawili. Twaujua mji wetu, wala hatumwahidii kwamba atafidiwa kesho yake. Lakini asimpe mtu yule mkono wake ili apite nao. Na dereva aliyesikia maneno hayo, naye asishike usukani. Ikiwa mwajiri wake amtisha, na aende kwa wazee wa chama chake, au kwa paroko wake, au kwa mkewe kwanza, kwani mke wa dereva akijua habari za breki ana nguvu kuliko polisi.

Wazazi wengi wametuuliza pia juu ya kumweka kijana kwa fundi ili ajifunze kazi. Ni shauri jema. Si kila kijana amefanywa kwa vitabu, nasi walimu tungepaswa kulisema hilo mara nyingi zaidi. Lakini baba asimpeleke mwanawe kwa fundi ye yote kwa sababu ni jirani. Na aende kwanza akakae pale chini ya mwembe asubuhi moja, kama mtu mwenye kungojea rafiki. Asikilize jinsi mkubwa asemavyo na wenye motokaa wakiwapo, na jinsi asemavyo wakiisha kwenda zao. Mwanagenzi wa miaka 14 hajifunzi kwa masikio. Akiona mkubwa wake akilipangusa chujio la zamani na kumkonyeza, amekwisha kupata somo ambalo mahubiri ya mwaka mzima hayataling'oa. Tena baba amnunulie kijana daftari, si la mapambo: ndani yake aandike kila kazi, tarehe, jina la mwenye chombo, kilichotolewa, kilichotiwa, bei ya kipuri peke yake na bei ya mikono peke yake. Twajua fundi zaidi ya mmoja ambao walilicheka daftari hapo kwanza, na sasa mabishano yao yote hukatwa nalo.

Limebaki swali moja la msomaji wetu fundi: kitu kikivunjika mikononi mwake wakati wa kukifungua, nani alipe? Kama amekipiga nyundo mahali pa kutumia spana, au amekiacha kwa mwanagenzi asiyejua akaenda zake kunywa, ni yeye alipe, wala asitafute maneno. Kama boliti ilikuwa imeliwa na kutu tangu zamani, nayo ikakatika katika mkono mwema, ni ya mwenye motokaa. Lakini boliti ya kutu huonekana kabla ya kuguswa. Fundi na amwite mwenyewe, amwonyeshe, amwambie: "Papa, hii yaweza kukatika, nifungue au niache?" Akiisha kujibiwa, ndipo ashike spana.

Wasomaji waliotuandikia juu ya ununuzi wa motokaa zilizokwisha tumika watuwie radhi. Nafasi imekwisha, tutawajibu katika toleo lijalo.